Springi Mpya za Korola ya Mjomba

Rahaleo, Mtwara
2 Februari 2003

Mdogo wangu Somoe,

Salamu zikukute huko Masasi kabla kengele ya kulala haijalia. Mimi sijambo, ila gari linaumwa. Shokapu zote nne zimekufa. Nikipita kwenye tuta, gari linaitikia "ndiyo, ndiyo, ndiyo" mpaka nafika tuta la pili. Juzi abiria mmoja aliniuliza, "Dereva, hili gari au pembea?"

Sasa sikiliza. Gaudensi wa bandarini, yule Mhaya anayecheka peke yake, ana seti ya shokapu zilizofunguliwa kwenye gari la Kijapani lililogongwa ubavuni. Si kama zetu. Mwili wa shokapu una nyuzi kama bolti, na springi imekalia ringi. Ukizungusha ringi kwenda juu, gari linapanda. Ukiizungusha kwenda chini, gari linalala kama paka anayewinda. Nimemwona jamaa mmoja kutoka Dar amefunga za namna hiyo. Anakata kona pale mzunguko wa sokoni, gari haliinami upande hata kidogo.

Na kuna jambo la pili. Mama Veronika anayepamba magari ya maharusi amesema nikishusha gari atanipa kazi kila Jumamosi. Ananiambia, "Mustafa, nani atapanda na shela yake kwenye gari lililosimama kama mbuzi kwenye kichuguu?"

Lakini unajua gari ni la Mjomba Zuberi. Bila neno lake sibadilishi hata taa. Mimi nikimwambia ataona ujana. Wewe ndiye anayekusikiliza, mwanafunzi wa fizikia. Mwandikie, msifie hizi shokapu.

Mama hajambo. Daktari wa macho anakuja hospitali yetu wiki ya kwanza ya Aprili, na jina la Mama limeshaandikwa. Wataanza na jicho la kulia. Nitamfuata kijijini Mahurunga kwa gari mwenyewe, kwa sababu tangu alipoanguka na baiskeli mwezi uliopita ameapa hapandi tena. Daktari akiondoka tumemkosa mpaka mwakani, na Mama sasa anapapasa ukili wa mikeka yake badala ya kuutazama. Lakini barua zako anasema anazisoma mwenyewe.

Kaka yako,
Mustafa

*

Masasi
10 Februari 2003

Kaka Mustafa,

Shikamoo. Barua yako imefika Jumamosi, na nimecheka sana kwa ajili ya pembea.

Umeniomba nimsifie Mjomba kitu ambacho sijakipima. Nimeona haya kukataa na nimeona haya kukubali, kwa hiyo nikamwendea Mwalimu Rebeka anayetufundisha fizikia. Alinipeleka maabara. Tulitundika springi mbili kwenye stendi, moja laini na moja ngumu, tukaongeza mawe ya mizani. Laini ilinyooka sana, ngumu ikanyooka kidogo tu. Nikasema, "Basi ngumu ndiyo bora." Mwalimu akasema, "Sasa jifanye wewe ndiye jiwe." Akainyanyua stendi akaibamiza mezani. Jiwe la springi laini lilipanda na kushuka taratibu. Jiwe la springi ngumu lilichomoka likadondoka sakafuni.

Hivyo ndivyo nitakavyomwandikia Mjomba. Shokapu za Gaudensi zina faida, sikatai. Gari halitayumba, breki zikikamata pua haitainama sana, na ni kweli kwamba unaweza kupandisha au kushusha bila kununua springi nyingine. Ukibeba mzigo nyuma, unaweza kunyanyua nyuma peke yake. Kwa lami ya mjini ni kitu kizuri.

Lakini zilitengenezwa kwa kijana mmoja anayekimbia kwenye lami. Wewe unabeba watu watano na mihogo. Springi ngumu haimezi shimo, inamkabidhi abiria. Gari likishushwa, matairi yanaanza kuliwa upande wa ndani mpaka yapimwe na kunyooshwa upya, na sijui kama Mtwara kuna anayepima. Shokapu moja ikivuja utaipata wapi nyingine? Halafu zile nyuzi ziko wazi. Mchanga wa Mahurunga na chumvi ya upepo wa bahari vitaingia humo.

Mwalimu anasema swali si kama kitu ni kizuri au kibaya. Swali ni nani amekaa ndani ya gari na linapita wapi. Mimi namfikiria Mama amekaa ndani.

Kama Mjomba atakubali, nakuomba usiuze springi za zamani.

Mama nimemwandikia barua yake peke yake, kwa herufi kubwa kama za ubaoni, asipate taabu.

Mdogo wako mtiifu,
Somoe

*

Mahurunga
20 Februari 2003

Kwako mpwa wangu Somoe,

Nimepokea kurasa zako tatu kwa mkono wa Mwalimu Stefano. Nimezisoma kwa sauti barazani, mama yako akiwapo. Pale jiwe lilipodondoka alinitaka nirudie.

Uliandika kama mtu asiyetaka kumpendeza yeyote, na mimi nimependa hivyo. Kaka yako alikuja Ijumaa na sifa tupu. Nikamwuliza, "Hasara yake nini?" Akasema, "Mjomba, hakuna." Nikamwambia, "Basi hujakijua kitu chenyewe."

Lakini shokapu za zamani zimekufa kweli, na kijana anatafuta riziki. Nimemruhusu kwa masharti mawili. La kwanza, akija huku kijijini gari liwe limepandishwa. Akitaka kulilaza, alilaze huko huko kwenye lami na maharusi wake. La pili, springi za zamani aniletee mimi nizitunze. Zikikaa Rahaleo zitapata mnunuzi kabla ya Alasiri.

Kuhusu kutu, usihofu. Nimemwekea chupa ya mafuta ya maganda ya korosho, yale tunayokamua kwa kuchoma maganda na kupaka nguzo za nyumba. Nguzo za nyumba yangu zina miaka kumi na minane na mchwa hajazigusa. Hayo hayashindwi na chumvi.

Jambo moja usimwambie mama yako kuwa nimekuambia. Barua yako ya herufi kubwa aliipokea akakaa nayo ukumbini muda mrefu, akisema anaisoma. Alikuwa ameishika kichwa chini. Sikumwambia kitu. Baadaye Hadija wa jirani akamsomea.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako,
Zuberi

*

Rahaleo
9 Machi 2003

Mhandisi Somoe,

Zimefungwa! Ungeliona gari usingelijua. Nimeshafanya harusi mbili. Jana Mama Veronika amelivika maua mpaka kwenye vitasa, na watoto wa Rahaleo wamekimbia nyuma yetu wakiimba. Bwana harusi amegonga kichwa darini kwenye tuta la hospitali, lakini siku ya harusi nani analalamika?

Haya, nakiri neno lako moja: ni ngumu. Nikikanyaga sarafu najua ni ya shilingi ngapi.

Masharti ya Mjomba nimeyafuata. Wiki iliyopita nilipandisha ringi zote nne nikaenda Mahurunga, nikapeleka springi za zamani. Ameziweka uvunguni kwake kama mahari. Nimerudi mjini nikashusha tena kwa ajili ya harusi, na kwa kuwa sina safari ya kijijini mpaka siku ya Mama, nimeyapaka yale mafuta ya korosho kwenye nyuzi na ringi, mkono mzito kabisa. Yamenibabua vidole viwili. Lakini sasa hivi zinang'aa kahawia kama zimepigwa vanishi. Chumvi ije sasa tuone.

Siku ya Mama ni Jumatatu, tarehe saba Aprili. Daktari anataka wote wawe wamefika siku hiyo kabla ya saa kumi jioni, wapimwe, halafu apasue kwa zamu. Nitamfuata asubuhi hiyo.

Kaka yako,
Mustafa

*

Masasi
11 Machi 2003

Kaka Mustafa,

Shikamoo. Sijapata barua kutoka kwako, lakini Mjomba ameniandikia, na nina wasiwasi na ile chupa.

Nimemwuliza Mwalimu Rebeka kuhusu nyuzi. Anasema zisafishwe kwa brashi ya waya, zipakwe grisi ya kawaida, kisha zivishwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na kufungwa juu na chini. Kila mwezi uzungushe ringi kidogo, hata kama huna safari, zisizoee kukaa.

Anasema pia usipake kitu chochote kinachokauka. Tafadhali usipake mafuta ya Mjomba mpaka nikuandikie tena. Kesho nitayajaribu.

Somoe

*

Masasi
18 Machi 2003

Kaka Mustafa,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako imefika leo. Nilipofika pale ulipoandika vanishi, nilikwenda maabara bila kuomba ruhusa.

Nilikuwa nimefanya jaribio. Jikoni kwetu wapishi huchoma korosho, nikaomba maganda, nikakamua mafuta kidogo kwenye kopo. Nilipaka bolti ya stendi, nikakaza nati yake, nikaiweka juani dirishani. Siku ya pili ilikuwa inanata. Siku ya nne ilikuwa ngumu kama kucha. Leo mimi na Rehema wa darasani kwetu tumeshika spana pamoja, tumevuta mpaka stendi imeanguka, na nati haijageuka. Mwalimu Rebeka amesema, "Somoe, umenithibitishia jambo, na umeniharibia stendi." Nitafagia maabara mpaka mwisho wa muhula.

Hata petroli haiyeyushi. Nguzo haihitaji kuzunguka, ndiyo maana mafuta yale yanaifaa. Ringi inahitaji.

Kaka, nakusihi, usingoje tarehe saba. Ukiisoma barua hii weka kalamu chini, nenda kajaribu kuzungusha. Ikikataa, mwambie Mjomba mapema. Springi za zamani ziko kwake, na wewe na fundi mko mjini. Inahitajika siku ya kuzifuata na siku ya kuzifunga. Nafasi bado ipo.

Naomba unijibu kwa basi la kwanza.

Somoe

*

Rahaleo
27 Machi 2003

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Kila kitu kiko sawa. Usihangaike na magari, hangaika na mitihani. Mama anakusalimia.

Mustafa

*

Masasi
1 Aprili 2003

Kaka Mustafa,

Shikamoo. Barua yako ina mistari minne. Wewe hujawahi kuniandikia mistari minne tangu nimezaliwa.

Hujasema kama ringi inazunguka.

Barua hii huenda ikafika baada ya siku yenyewe, kwa hiyo haina msaada. Nimeandika tu kwa sababu nisingeweza kulala bila kuandika.

Somoe

*

Mahurunga
12 Aprili 2003

Kwako mpwa wangu Somoe,

Kaka yako amenionyesha barua zako zote. Amezileta mwenyewe bila kuombwa. Kwa hiyo nakueleza yaliyotokea, kwa kuwa yeye amesema kalamu ni nzito.

Ringi hazikuzunguka. Alizijaribu siku aliyopata barua yako. Alizipiga nyundo, akazimwagia petroli, fundi akazipasha moto mpaka mpira wa juu ukaanza kuyeyuka wakaogopa. Hakuniambia, kwa hofu kwamba ningemnyang'anya gari. Akasema moyoni, nitakwenda hivyo hivyo, labda mvua itakuwa imekatika.

Mvua haikukatika. Jumatatu saa mbili asubuhi tulimwona anakuja kwa miguu, suruali imekunjwa magotini, tope mpaka kifuani. Gari alikuwa ameliacha pale barabara ya greda inapoishia na njia yetu inapoanza. Unaifahamu njia ile. Malori ya korosho yamechimba mifereji miwili kwa matairi, na katikati pamebaki mgongo. Gari lilikuwa limekalia mgongo huo kwa tumbo, magurudumu ya mbele yanazunguka hewani.

Nilimwambia, "Lipandishe." Nikamwambia tena. Akasema, "Mjomba, yamekauka. Mafuta yako yamekauka." Kisha akakaa chini kwenye ngazi, mtu mzima, akaficha uso.

Nilikaa kando yake, kwa maana chupa niliijaza mimi.

Mama yako alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa, kibunda chake mapajani. Nikaleta baiskeli. Akasema, "Kaka, nitakwenda kwa miguu nikishika kamba, lakini hapo juu sipandi." Kwa miguu, kwenye tope lile na kwa macho yale, asingelifikia gari kwa wakati wa kuwahi hospitali kabla ya saa kumi. Springi za zamani zilikuwa uvunguni kwangu, na vyuma vya kuzibania viko kwa fundi mjini. Zilikuwa karibu na hazikufaa kitu.

Ndipo Hadija wa jirani, aliyekuwa anasikiliza na mtoto mgongoni, aliposema, "Kama gari haliwezi kupanda, si tuushushe huo mgongo?" Tukamtazama kama mwendawazimu. Kisha nikaenda kupiga kengele ya chama cha ushirika.

Mimi nimeitisha msaragambo mara nyingi, wa shule, wa kisima, na kila mara nusu ya watu wanaumwa ghafla. Siku ile hakuumwa mtu. Nusu ya mikeka ya kijiji hiki imesukwa na mama yako, na wengi waliokuja walikuwa wameamka juu ya mikeka hiyo. Walikuja na majembe, na mabeleshi mawili ya chama. Tukaanzia huku, vijana wakaanzia kule kwenye gari. Tulikwangua mgongo, udongo tukautupa kwenye mifereji. Mzee Nampota alishinda akituchokoza: "Chimbeni, chimbeni! Mjapani kashusha gari, Mmakonde kashusha barabara!" Tulicheka huku tunachimba.

Saa sita na nusu gari lilifika mlangoni kwangu. Bomba la moshi lilikuwa linakwaruza chini njia nzima, lakini lilifika.

Mama yako alikalia magodoro mawili ya sufi, kwa sababu nilikumbuka lile jiwe lako lililodondoka. Nilipanda naye. Kila shimo alisema, "Hili nimelihesabu." Tulifika hospitali saa tisa na robo.

Amepasuliwa Jumatano. Bado amefungwa kitambaa, na daktari amekataza asitikiswe. Kwa hiyo hatarudi na zile shokapu. Nimekuja mara moja kuchukua springi za zamani kutoka uvunguni, na Gaudensi ametafuta shokapu za kawaida za kufungia nazo. Za Kijapani zitafunguliwa kesho. Sijamnyang'anya mtu gari.

Kuhusu jicho lenyewe, sitakuandikia neno mpaka kitambaa kifunguliwe.

Mjomba wako,
Zuberi

*

Rahaleo
15 Aprili 2003

Mdogo wangu Somoe,

Mjomba amekuandikia yote, nami sina la kuongeza ila hili: ungekuwa mbele yangu nisingeweza kukutazama. Uliniambia nafasi bado ipo, na ilikuwapo.

Springi za zamani zimefungwa na shokapu mpya za kawaida. Gari limesimama juu tena kama mbuzi kwenye kichuguu. Mama Veronika amepita, akatazama, akasema, "Mh." Kazi ya Jumamosi imekwenda kwa mwingine. Lakini leo nilimbeba mama mjamzito kutoka Mikindani, akasinzia njia nzima. Hilo halijanitokea tangu Februari.

Zile za Gaudensi nimempa fundi azivunje apate chuma. Ringi moja nimeikata nikaiweka kwenye dashibodi. Abiria wanauliza ni hirizi ya nini.

Kitambaa cha Mama kimefunguliwa jana. Amenikataza kukuambia kitu. Amesema ataandika yeye.

Kaka yako,
Mustafa

*

Mahurunga
4 Mei 2003

Mwanangu Somoe,

Nimeandika barua hii mimi mwenyewe, Mwanaidi, mama yako. Mara ya mwisho nilishika kalamu darasa la watu wazima, kwa hiyo usinicheke.

Jicho la kulia linaona. La kushoto daktari atalifanya mwakani, Mungu akipenda. Mustafa alinirudisha polepole na gari halikuniumiza. Springi hizi za zamani zinalia kidogo, lakini zinalia zenyewe, hazinilizi mimi.

Nimeliona gari. Niliona pia picha waliyolipiga siku ya harusi, limelala chini na maua. Lilikuwa zuri. Namwelewa kaka yako. Usimkasirikie.

Tulipoacha barabara ya greda nilimwambia asimame. Nilishuka nikatazama. Siku ya kwenda nilisikia tu kitu kinakwaruza chini ya miguu yangu, sikujua ni nini. Sasa nimekiona. Katikati ya njia kuna mstari mmoja umechorwa na bomba la moshi, umenyooka mpaka nyumbani, na huku na huku kuna alama za majembe ya watu. Mvua haijaufuta bado. Nilimwambia Mustafa atangulie na gari, mimi nikaufuata kwa miguu, bila kushikwa mkono.

Barua zako zote nimezitoa sandukuni nimezisoma. Ile ya Februari niliishika kichwa chini, na mjomba wako anadhani sikujua kuwa ameniona.

Usiniandikie tena herufi kubwa kama za ubaoni. Unamaliza karatasi bure. Andika kawaida, andika mengi.

Mama yako,
Mwanaidi